Bango la Bwana Ngazi

6 Mei

Dada yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima wote isipokuwa mgongo wangu, na huo umeshazoea kulalamika. Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji na nimemwapisha akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Simu ya yule mwenye duka sitaki kuipiga, maana ukipokea pale kaunta unapokea na mtaa mzima.

Nina swali dogo tu. Ulipokuja kututembelea mwezi wa tatu uliondoka na lile furushi la mabango ya turubai ya zamani, yale tuliyoyashusha kwenye nguzo za taa za barabara kuu. Bado unayo? Yote? Naomba usiyakate kwanza wala usimpe mtu, hasa yale yenye sura za watu. Kuna mambo ya ofisini yanataka yaonekane tena, si kitu kikubwa. Ukiniandikia tu kwamba yapo, nitalala.

Kazi ni ileile. Sasa barabara nzima tumeipandisha mabango ya maua, na mkuu wangu anataka kila ua litazame njia. Juzi nimeshinda juani namwelekeza dereva wa gari la ngazi arudi nyuma kidogo, kidogo tena, asogee mbele kidogo, mpaka akaniuliza kama hiyo nguzo namtafutia mchumba.

Wanao wa huku wanakuamkia. Msalimie baba watoto, mwambie baiskeli aliyonitengenezea haijanitupa bado.

Mdogo wako,
Bwana Mabango, kama unavyopenda kuniita

13 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta hilo swali dogo. Nimeona mtu anazungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Una nini wewe?

Zawadi ulinipa kwa mikono yako miwili, ukanifungia kwa kamba, ukanibebea mpaka kituoni. Leo unairudia? Huna hata haya! Haya basi, sikiliza. Mengi nimeshayakata. Nimeshona mikoba ya sokoni, mizuri, haipitishi maji, na wateja wanaigombea. Kuna mama hapa kila siku anabeba nyanya ndani ya pua ya mtu, na wala hajali. Bado kuna vipande kama vya mikoba minne hivi. Zima limebaki moja, liko juu ya banda la kuku. Mwanamume mwenye kofia ya kazi ya njano, anacheka meno yote nje. Kuku wamemzoea. Asubuhi jogoo anampanda kichwani anawika, nami nikitoka na pumba nacheka peke yangu kama chizi.

Ila mwambie aliyeyatoboa kwamba ametuponza. Yale matundu ya nusu mwezi mnayokata ili upepo upite yanapitisha na mvua, kuku wangu wamelowa chapachapa.

Sasa niambie ukweli. Ofisi gani hiyo inayotafuta turubai lililokwisha kutupwa?

Dada yako

20 Mei

Dada,

Huyohuyo! Mwenye kofia ya njano, huyohuyo. Ahsante Mungu.

Mteremshe leoleo, tafadhali. Mfute kwa maji matupu, usitie sabuni ya unga, inakula rangi. Mviringishe, usimkunje, maana alama ya mkunjo haitoki. Kisha mweke ndani mahali ambapo hapana mtu atakayemwona, hata jirani. Dereva wa lori atapita kwenu mwanzoni mwa mwezi ujao. Mpe yeye tu, ndani ya gunia. Na mtu akikuuliza umeyapata wapi mabango hayo, mwambie hujui.

Walikuwa wawili wa namna hiyo, mmoja kila upande wa nguzo. Huyo wa pili ndiye uliyemkata? Kama kipo kipande chochote chake, niwekee na hicho.

Usiniulize zaidi, dada. Nitakueleza siku moja. Kwa sasa nifanyie hili tu, kama ulivyonifanyia mengi.

Mdogo wako

29 Mei

Mdogo wangu,

Kaa chini usome taratibu. Mambo yamekwisha, usiwe na wasiwasi.

Barua yako ilifika Jumatano. Kesho yake, nikiwa kwenye meza yangu sokoni, akaja askari wa soko. Akaushika mkoba, akaugeuza, akaona ile nembo ya mji wenu pembeni. Akaniuliza, "Mama, turubai hizi unazitoa wapi? Mbona zina nembo ya serikali?" Nikamwambia hujui, yaani mimi sijui, nikavurugikiwa ulimi. Akacheka, akaondoka. Lakini alivyocheka sikupenda.

Nikafunga meza, nikarudi nyumbani, nikampa baba watoto barua zako zote mbili asome. Akasoma, kisha akasema, "Huyu shemeji yangu ametoa mali ya mji bila ruhusa na sasa wamemshika shati." Na mimi ndivyo nilivyoelewa. Mfiche, mtie guniani, sema hujui. Mtu mwenye amani haandiki hivyo.

Tukaona hilo lori lenyewe linaweza kusimamishwa njiani wakakuta gunia lina jina lako. Kwa hiyo tumemaliza sisi wenyewe. Nimelikata lile la bandani vipande vidogovidogo, na vile vya mikoba vilivyobaki, na hata mikoba niliyokuwa sijauza. Baba watoto amevichoma nyuma ya karakana yake pamoja na matairi mabovu. Hakuna kilichobaki hata ukubwa wa ukucha. Dereva akija atakuta majivu. Wewe simama pale ofisini uwaambie hujui kitu, wakutafutie ushahidi mpaka wachoke.

Sikukasirikii. Nimekulea mwenyewe tangu mama alipotutoka, najua huna mkono mrefu. Kama ulikosea, ulikosea kwa kunipa mimi, na hilo silisahau. Wakikufukuza, njooni huku nyote. Chumba kipo.

Dada yako anayekuombea

5 Juni

Dada,

Sikuiba. Hakuna anayenitafuta. Mabango yakishashushwa hayana mwenyewe, anayetaka anachukua, na nusu ya vibanda vya mji huu vimeezekwa kwa kazi yangu. Huyo askari wa soko pengine alitaka mkoba. Mambo ya ofisini niliyokuandikia yalikuwa uongo, na niliandika uongo kwa sababu niliona haya mbele yako. Kilichochomwa nimekichoma mimi.

Yule mwenye kofia ya njano alikuwa mwenzangu kazini. Hukuwahi kukutana naye. Tulimwita Bwana Ngazi, kwa kuwa kabla hatujapata gari, yeye ndiye aliyenishikia ngazi mimi nikiwa juu. Mwaka jana mji ulipotaka mabango ya wafanyakazi wake, jina lake nilipeleka mimi. Hakupenda picha kabisa. Mtu akitoa kamera, yeye anainama kufunga kamba za viatu. Nilimvuta mkono mpaka kwa mchapaji, nikamtania kuhusu tumbo lake mpaka akacheka, ndipo akapigwa picha. Tukampandisha kwenye nguzo iliyo mbele ya kituo cha mabasi. Mwezi wa kumi na mbili kifua kilimbana, akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, hakurudi.

Mkewe hana picha nyingine. Za harusi zililowa mwaka wa mafuriko zikagandana. Kitambulisho chake cha kazi kilikaa mfuko wa shati na jasho mpaka sura ikafutika. Mchapaji nimemwendea, ananiambia kila msimu ukiisha anasafisha kompyuta yake ili apate nafasi. Kwa hiyo yule mama alikuwa akija kituoni kila Ijumaa, anakaa kwenye benchi na kikapu chake, anamtazama mumewe. Makondakta walimzoea, hata hawamwiti apande. Siku moja aliniambia, "Shemeji, siku mkimshusha, nipe mimi." Nikamwambia, "Ondoa shaka." Kwa mdomo wangu huuhuu.

Kisha mkuu akapata wageni, akataka maua yapande kabla ya wakati wake. Tulishusha barabara nzima mbiombio. Nguzo ya kituoni nilipanda mimi, dada. Kamba zake nilizikata mwenyewe. Nilimwona uso kwa uso, nikasema moyoni, huyu ni wa shemeji, nitamtenga. Mara wakaniita huko chini, nikamtupa pamoja na wengine. Jioni ile wewe ukaniambia unataka turubai, nikakupa furushi lililokuwa karibu na mlango. Sikulifungua hata nione kilichomo.

Ijumaa iliyofuata alikuta maua. Akaja ofisini, hakugombana, aliuliza tu. Nikamwambia liko stoo. Tangu hapo kila Ijumaa anakuja, nami namwambia mwenye ufunguo yuko likizo, au linasafishwa, au rudi wiki ijayo. Ameshaniletea kitambaa cheupe cha kulifungia, amekifua na kukipiga pasi. Kiko kwenye droo yangu, na droo hiyo siifungui tena.

Nilikuambia ulifiche kwa sababu mdogo wa yule mama hupita hapo sokoni kwenu kununua vitunguu. Niliogopa amwone shemeji yake juu ya kuku.

Sijui nitamwambia nini. Nafikiria kumwambia stoo imeungua. Kuungua kweli kumeungua.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu,

Usithubutu! Stoo haikuungua. Ukimwambia hivyo usiniite dada tena.

Siku tatu nashika kalamu naiweka. Jogoo alikuwa anawika juu ya kichwa cha mume wa mtu, na mimi nikacheka, nikakuandikia nikidhani nakuchekesha. Naiona ile barua yangu namna ulivyoipokea, natamani niende nikaitoe mkononi mwako. Na wewe nawe, kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, kwamba huyu ni marehemu, dada, mtunze. Ningemlaza kitandani kwangu, nikalala chini. Umeogopa nitakugombeza. Ndiyo, ningekugombeza, halafu ningemleta mwenyewe kwa basi.

Baba watoto nimemsomea. Aliinuka akatoka nje, hajaigusa karakana tangu jana. Anasema plastiki ile ilijikunja motoni kama inamkimbia. Nimemwambia anyamaze, sitaki kusikia, lakini nimeshasikia.

Nimezunguka soko lote kuulizia mikoba. Mingi imechukuliwa na wasafiri. Yule mama wa nyanya, pua yake si ya Bwana Ngazi, ni ya mtu mwingine mnene. Nimepata mmoja tu wenye njano. Mwenyewe alikuwa amewekea viatu vya mtoto. Nimembadilishia na kikapu changu kizuri. Una ukingo wa kofia na bega la shati, basi. Nimeufumua mishono, nimeuosha kwa maji matupu kama ulivyosema. Nimempa dereva. Ukiona haufai kupelekwa, baki nao.

Sasa nenda kwake. Usingoje Ijumaa, usimwambie pale kituoni mbele za watu, nenda mpaka nyumbani. Usinunue sukari ukajificha nyuma ya mfuko wa sukari. Kaa atakapokukalisha, mwambie yote kama ulivyoniambia mimi. Habari ya kuku iache. Hapana, akiuliza mwambie. Mwambie ni mimi.

Dada yako

23 Juni

Dada,

Nimekwenda. Sikununua chochote.

Anakaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bluu. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Aliponiona akapangusa kigoda, akaangalia mikono yangu. Nilikuwa na kile kitambaa chake cheupe, na ndani yake kile kipande chako. Akadhani ndiye. Aliinuka, dada. Aliinuka akajiweka sawa kanga, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni mlangoni.

Nikamwambia palepale nikiwa nimesimama, kabla hajanyoosha mkono. Nilimwambia yote, ya kamba, ya furushi, ya stoo. Akauliza, nikamwambia na ya kuku. Akakaa, akaendelea kuchambua mchele. Sikujua kama niondoke au nikae, nikabaki vilevile. Baadaye akaniuliza, "Ulimwona ulipokuwa unamkata kamba?" Nikasema nilimwona. "Alikuwa bado anacheka?" Nikasema alikuwa anacheka. Akasema, "Aa," basi.

Kile kipande alikishika, akakitazama bega, akasema shati hilo alilishona yeye kwapani. Akakirudisha kitambaani. Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Shemeji, nikwambie kitu, usimwambie mtu. Mimi sikuwa naenda pale kwa mapenzi kama watu walivyodhani. Nilikuwa naenda kwa sababu namsahau. Mwanzo nikifumba macho alikuwa anakuja. Kisha akaanza kutoka kidogo kidogo. Naona aibu kuwauliza ndugu zake, watasema mke gani huyu." Kisha akainua uso akaniuliza, "Lile kovu lake la shavuni lilikuwa upande gani?"

Akaniambia Ijumaa zote alizokwenda ndizo zilizomchanganya. Akikaa kwenye benchi aliliona shavu hili, akivuka barabara kurudi kwake aliliona shavu lile. Dada, hilo nalo ni langu. Sura za watu kwenye nguzo lazima zitazame barabara, zisitazame maduka. Kwa hiyo bango la upande wa pili tunamwambia mchapaji aligeuze, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Kovu likahama. Mimi ndiye niliyetoa agizo. Na wala sikumbuki lipi lilikuwa picha yenyewe na lipi liligeuzwa.

Nilitafuta kichwani. Miaka yote ile, mimi nilikuwa juu na yeye chini ameshika ngazi. Nikiinama namwona kofia. Nikimwambia hamisha, nasikia sauti yake inajibu, "Tulia wewe, nimekushika." Tulikula pamoja, tulinyeshewa pamoja, na nilipoulizwa shavu lake sikuliona.

Nikajibu, "Kushoto." Nilijibu upesi, kama mtu anayejua.

Akaweka kiganja kwenye shavu lake mwenyewe la kushoto. Akasema, "Kushoto. Eeh. Kushoto, kweli." Akafumba macho akatulia hivyo, mchele magotini, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akanishukuru, dada. Alinishukuru mara mbili na akanisindikiza mpaka njiani.

Kazini nimewauliza wote. Wawili wamesema kushoto, watatu kulia, dereva wa gari la ngazi ameapa hakuwa na kovu lolote. Silali. Kwenda kwa yule mama nilikwenda kutua uongo mmoja, nikamwachia mwingine, na huu anaufumbia macho kila siku.

Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Lile la bandani, kovu lilikuwa upande gani? Najua hata ukikumbuka hatutajua kama ndilo lililogeuzwa. Niambie hivyohivyo.

Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa mbele ya banda tangu asubuhi najaribu. Baba watoto naye nimemuuliza, ameinamisha kichwa.

Sikumbuki. Kila asubuhi nilikuwa naangalia kuku, na siku ile ya mwisho nilikuwa naangalia pa kupitisha mkasi.

Dada yako